Sauti Niliyomupa Chef-Bandit

Mimi ndiye niliyefasiri filamu kwenye mutaa wa Majengo wakati televisheni ilikuwa bado kitu cha kwenda kutazama kwa wengine. Muulize mutu yeyote wa rika langu aliyekulia pale. Kama ana ukweli moyoni atakuambia kwamba alikuwa anasimama barabarani, hajaingia, haoni chochote, na bado anashika mbavu kwa kucheka, kwa sababu spika ilikuwa nje na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa yangu. Shule niliiachia darasa la nne, kule Rutshuru. Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba radhi. Filamu zenyewe zilisema Kichina, Kihindi, lugha za Wazungu, na hiyo haikunisumbua hata kidogo. Mutu akifungua mudomo kwenye filamu, mimi nilikuwa nimeshajua anataka kusema nini, na mara nyingi nilikisema vizuri kuliko yeye.

Sali yetu ya video, yaani ukumbi wa filamu, ilikuwa ya muzee mumoja tuliyemuita patron. Ilikuwa chumba cha mbao, mabati juu, benchi ndani, na nyuma groupe ikinguruma na kutoa moshi ili televisheni ipate umeme. Patron alikulia milima ya Masisi kwenye ng'ombe, na sauti yake ilikuwa ya watu wa huko, wanaoitana kutoka kilima kimoja hadi kingine: ilianza juu kabisa, ikateremka polepole, ikamalizikia chini kifuani. Kabla ya kusema alikohoa, akh-akh, kama mutu anayebisha hodi kwenye shingo yake mwenyewe. Kisha: "Sikiliza, mutoto wangu." Kila mutu alikuwa mutoto wake, hata wazee waliomupita umri. Kwa meno aliyopoteza mbele, maneno yake yalitoka na filimbi.

Katika kazi yetu kulikuwa na sheria moja, na hakuna mufasiri aliyeivunja. Filamu ikianza tu, unawaambia watu nani ni acteur na nani ni chef-bandit. Acteur ndiye wa kupendwa. Anapigwa, anaanguka mtoni, anapigwa risasi ya bega, lakini hafi. Chef-bandit ndiye wa kuchukiwa, na mwisho lazima aadhibiwe, la sivyo watu wanang'oa benchi. Ukishawapa sauti zao, umewapa. Huwezi kuzibadilisha katikati ya filamu wala filamu ikirudiwa, sawa na padri asivyoweza kubadilisha jina la mutoto aliyekwisha kumumwagia maji.

Ulikuwa wakati wa uasi ule wa kwanza, tulipozoea kutawaliwa na watu tusiowachagua. Wanajeshi waliingia sali bila kulipa na bunduki zao waliziegemeza ukutani, na hata hao nilikuwa nawachekesha mpaka wanasahau kuzichukua. Halafu baba yangu akafa. Nilipanda Rutshuru kumuzika, nikakaa matanga kama inavyotakiwa, nikarudi. Nilipofika kwenye kona ya sali nilijisikia ninaongea.

Nilisimama barabarani na mufuko wangu wa nguo mukononi. Spika ilikuwa nje kama kawaida, watu wamejaa kama kawaida, na sauti yangu ilikuwa inafanya kazi bila mimi. Ilimaliza utani, ikanyamaza kidogo kuwaachia watu nafasi ya kucheka, kama ninavyofanya, ikaendelea. Patron alikuwa ameunganisha redio-kaseti kwenye waya wa mikro, kipaza sauti changu, muda mrefu kabla ya musiba. Filamu zote kubwa alikuwa ameshazirekodi, na mimi ndani yake.

Nilimukuta mulangoni.

"Patron, hiyo ni sauti yangu."

Akh-akh. "Sikiliza, mutoto wangu. Sauti si mbuzi ya kufunga kamba. Ikishatoka mudomoni iko ya kila mutu."

"Na kazi yangu?"

"Kazi yako iko inafanyika. Hauisikii?"

Watu waliokuwa mulangoni walicheka. Walikuwa watu wangu, wale niliowafundisha kucheka, na walinicheka mimi. Patron hakunipa hata pole ya baba yangu.

Nilienda mutaa wa Birere kwenye sali nyingine na kuomba mikro. Walinijaribisha siku moja. Nilifanya kazi nzuri, sijapata kufanya nzuri zaidi, na katikati kijana mumoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyu anamuiga yule wa Majengo!"

Nikasema kwenye mikro, "Njo mimi, mimi ndiye yule wa Majengo."

"Weye? Yule iko na sauti nene. Weye unaiga, na haujui."

Mwenye sali akanishukuru na kuchukua mikro yake. Kwa hiyo nilisukuma chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, nikibeba viazi na kabichi za watu. Kila nilipopita Majengo na muzigo nilijisikia mwenyewe nikichekesha. Niulize mimi chuki ni nini, nitakueleza hadi usiku uingie. Mushahara niliusahau. Sikusahau kwamba nilipitishwa mbele ya sauti yangu na nikaambiwa naiiga.

Halafu mulima ukapasuka. Moto ulishuka mujini kama uji mweusi unaochemka, tukakimbia sote na magodoro kichwani. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado ya moto, viatu vya plastiki vinanata. Wengine walikwenda kutafuta nyumba zao. Mimi nilikwenda kutafuta sali. Haikuwepo. Kulikuwa na jiwe tupu, jeusi, limevimba na kupasuka, na kona moja ya bati imechomoza kama kadi iliyosahauliwa mezani. Huku na huku watu walilia. Mimi nilisimama pale nikasema kwa sauti ya kawaida, "Asante, mulima." Mama mumoja aliyekuwa karibu alinitazama vibaya. Alinitazama, na mimi nikarudia.

Kaseti zote ziliungua. Ilinichukua miaka kukumbuka nani alikuwa ndani ya kaseti hizo.

Ninachokueleza sasa nimekifanya kwa mikono hii miwili, hakuna mujomba aliyenisaidia, hakuna mradi, hakuna barua ya mukubwa. Kutoka chukudu moja nilipata chukudu nyingine, nikaajiri wasukumaji, nikaanza kuteremsha viazi kutoka Rutshuru kwa gari. Nikanunua televisheni, nikanunua groupe. Na nikajenga sali. Watu wenye akili walinishauri nijenge barabara kubwa. Nilikataa. Kiwanja kile cha zamani hakikuwa cha patron, kilikuwa cha mama mujane aliyekuwa amemupangisha, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika kwake. Nikajenga ukuta wa mawe ya volkano juu ya yale mawe yaliyofunika sali yake. Kila siku nilipoingia kazini nilimukanyaga.

Patron mwenyewe alihamia mutaa wa Katindo, kwa binti yake, nyuma ya kambi ya wanajeshi, ana kibanda cha sabuni na mafuta. Hakuja kunisalimia hata siku moja. Lakini wateja waliniletea maneno yake. Aliposikia sali yangu inasifiwa, alikuwa akikohoa na kusema, "Yule? Njo mimi nilimufundisha. Bila mimi angekuwa anasukuma chukudu."

Usiku wa siku niliyoletewa neno hilo sikulala. Nilitaka mutu mumoja amucheke, halafu wamucheke wote, mutaa kwa mutaa, mpaka asiweze kwenda kununua chumvi. Nilitaka mukono wangu usionekane. Lakini nilitaka ajue ni mukono wangu.

Waasi wengine, wa baadaye, waliingia mujini, wakakaa, wakarudi milimani. Walipoondoka tulifungua milango polepole. Pikipiki ikilipua moshi kama risasi, batoto walikuwa wanalala chini. Hakuna aliyetaka filamu za bunduki tena, kwa hiyo nilipomuomba dereva mumoja wa pikipiki aniletee kitu kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, nilimuambia: cha kuchorwa, cha kuchekesha. Akaniletea diski. Mafuta ya groupe yalikuwa haba, nikatazama mwanzo tu, nikazima. Ulinitosha. Kulikuwa na kibwana kimoja, shingo ndefu ya korongo, koti la kijani mpaka kisiginoni, anaishi kwenye nyumba yenye sura ya birika. Na kazi yake, sikuamini macho yangu, ilikuwa kuiba sauti. Alikuwa na mashine yenye funeli kubwa. Akiielekeza kwa mbwa, mbwa anabweka bila kelele. Akiielekeza kanisani, kengele inanyamaza. Kila sauti aliitia kwenye chupa, akaipanga kwenye rafu, akacheka peke yake.

Nikasema, Mungu hasahau. Huyu ni chef-bandit, na najua sauti yake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, sali ilijaa mpaka madirishani. Nilishika mikro. "Ndugu na batoto, acteur wetu bado yuko njiani anakuja. Lakini huyu wa koti la kijani, mumutazame vizuri, huyu njo chef-bandit." Nikabisha hodi kooni: akh-akh. "Sikiliza, mutoto wangu..." Juu, polepole, chini kifuani, na filimbi ya meno.

Mama muuza maandazi wa pale karibu, aliyeishi Majengo tangu zamani, aliruka kwenye benchi. "Jamani! Huyu si patron wa zamani?"

"Njo yeye! Njo yeye mwenyewe!"

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kusikia kicheko kama kile. Nilimumwaga mule ndani mwote. Nilimupa uchoyo wake, kujisifu kwake, namna yake ya kuketi kana kwamba kiti kimezaliwa naye. Filamu ilipofika mahali ambapo mashine inavuta sauti za muji mzima, televisheni yenyewe ikanyamaza kabisa, haina muziki, haina upepo. Katika ukimya ule wote nilikuwa mimi peke yangu, na nikasema kwa sauti yake, polepole: "Sauti si mbuzi ya kufunga kamba." Waliokumbuka walipiga miguu chini. Nilikuwa na furaha ya mutu aliyekunywa.

Nilikuwa nangoja acteur aje amuadhibu. Acteur hakuja. Alikuja kuku.

Kuku mumoja muchafu, manyoya nusu, aliingia nyumba ya birika kupitia dirishani. Mashine ilimuelekea, sauti yake ikakataa kutoka. Yule kibwana alimufukuza, kuku akarudi. Alimufungia nje kwenye mvua, halafu akatoka na mwavuli. Kuku akataga yai ndani ya funeli, na yule bwana badala ya kulikaanga akalivika soksi yake. Mimi naendelea kufasiri. Kisha tukaonyeshwa utoto wake: darasa zima linamucheka kwa sababu ya chafya yake, na yeye mudogo, shingo ndefu, anaziba masikio. Batoto wa sali walinyamaza. Hapo nilielewa. Acteur hakuwa njiani. Acteur alikuwa huyu, na nilikuwa nimeshamubatiza.

Ningefanya nini? Sheria ni sheria. Kwa mudomo wangu huu nilimupitisha patron kwenye wema wote ule. Alifungua chupa moja baada ya nyingine, akawarudishia watu kengele zao, mbwa wao, kulia kwa batoto wao wachanga. Mwisho akacheka na kuku wake begani, kwa sauti ya patron, na batoto wa Majengo wakasimama juu ya benchi kumupigia makofi. Mama wa maandazi alikuwa anajifuta macho. "Kumbe yule muzee," alisema, "kumbe iko na roho."

Wiki ile nililetewa habari mpaka nikachoka. Batoto walivuka hadi Katindo kumutafuta. Wanamuamkia, "Akh-akh, patron!" Anawajibu. Wanamuuliza kuku wake yuko wapi, anawaambia kuku yuko sokoni. Watu waliokuwa wanapita kibanda chake sasa wanasimama, wananunua sabuni ili akohoe. Na yeye anasema, "Ile filamu njo mimi. Walinichora, mutoto wangu akanitia sauti."

Jumapili ya pili nilijaribu kurekebisha. Yule kibwana alipotoka na mwavuli nikawaambia watu, "Anajifanya. Anataka kumuchinja." Alipolia nikasema ni kitunguu. Mutoto mumoja wa benchi ya mbele akageuka akaniangalia.

"Papa mufasiri, usitudanganye. Tunamuona."

Wengine wakaunga mukono. Ikabidi nimurudishie machozi yake.

Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe. Alivaa suti, amenyolewa, ameshika wajukuu mukono huku na huku. Sali ilimupigia makofi kabla hajakaa. Alikuwa amezeeka; shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Watu wakamupisha benchi ya mbele.

"Mutoto wangu," aliniambia, akinishika bega, taratibu, kama anayesema siri. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami tangu siku ile ya mulangoni. "Umenikumbuka."

"Karibu, patron," nikasema. "Kaa vizuri."

Nilikuwa nimepanga. Filamu ikaanza, kibwana wa koti la kijani akatoka nyumbani kwake, na mimi nikamupa sauti nyingine kabisa, ya karani wa ofisi, kavu, ya puani. Sali ikashituka. Nilikuwa navunja sheria ya kazi yangu mbele ya watu wote, mimi niliyeitunza hata wanajeshi walipolewa, na nilikuwa nimekubali kuivunja.

"Sauti ya muzee iko wapi?"

"Rudisha sauti!"

Mujukuu wa kike alimuvuta babu yake koti. "Sogokuru, mbona si wewe?"

Nilikuwa nimetaka tu hilo: akae pale na suti yake, asiwepo ndani ya filamu. Lakini yeye akasimama, akatabasamu kwa watu, akanyoosha mukono. "Mulete mikro. Mwenyewe niko hapa."

Sali ikashangilia. Nikamupa. Nilimupa kwa heshima, mikono miwili.

Akakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha mugonjwa, kirefu, kilichomukatisha pumzi. Kisha akasema, "Sikiliza, mutoto wangu," na sauti haikupanda. Ilianza katikati, nyembamba, ikatetemeka, ikakatika. Meno alikuwa ameweka ya bandia, filimbi hakuna. Kwenye televisheni kibwana alishafunga mudomo, yeye bado anatafuta neno. Akajaribu kuita kama wanavyoitana milimani kwao. Ikatoka kama mulango usiotiwa mafuta.

Mutoto yule yule wa benchi ya mbele, bila ubaya wowote, alisema, "Muzee, weye haujui kumuigiza."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Lakini njo mimi," akasema patron kwenye mikro.

"Muzee, murudishie papa mufasiri," mama wa maandazi akamuomba. "Yeye njo anamujua."

Aliniangalia. Nilikuwa nimeingoja sura ile tangu Birere. Hata angekuwa na hasira ningefurahi, lakini hakuwa na hasira, alikuwa kama mutu aliyeshuka gari mahali si pake. Akanirudishia mikro. Nikaiweka mudomoni na, bila haraka, akh-akh, "Sikiliza, mutoto wangu," juu kabisa, polepole, chini kifuani, na filimbi. Ilikuwa sauti yake ya wakati wa uasi wa kwanza, yenye nguvu, yenye ng'ombe ndani yake. Sali ililipuka. Wajukuu wake waliruka, wakasahau wamekuja na nani. Na nilimufasiri hivyo mpaka mwisho, yeye ameketi mita chache kutoka kwangu, akijisikia.

Watu walipotoka alibaki mulangoni, mahali pale pale, mawe juu ya mawe.

"Hiyo sauti," akasema, "iko yangu."

Nilijua jibu, na yeye alijua. Nilimujibu kwa kikohozi kwanza. Kisha nikamuambia, kwa sauti hiyo hiyo, kwamba sauti si mbuzi ya kufunga kamba. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mutu aliyesalimiwa, akawashika wajukuu mukono.

Wapo walioniambia nilimukosea muzee, ni mutu wa kukaribia kaburi sasa, ningemuachia. Hao hawakusimama barabarani na mufuko wa nguo za matanga. Mimi niliridhika, na bado nimeridhika.

Nilimutazama mpaka kwenye kona. Mujukuu wa kiume alikuwa anatangulia, amerefusha shingo, anakohoa akh-akh na kuwaita mbuzi wa watu "mutoto wangu". Babu yake alimusahihisha kitu. Mutoto akatikisa kichwa, akarudia vilevile, kama ninavyokohoa mimi.

Nikaingia ndani kuweka mafuta kwenye groupe. Watu wa filamu ya pili walikuwa wameanza kukaa.